Mtaalamu na Sauti ya Mama Mkwe

Kuna watu ambao Mungu amewajalia kipaji cha kutengeneza vitu, na kuna wengine amewajalia kipaji cha kueleza jinsi vitu vinavyotengenezwa. Wa kwanza ni wachache, na siku unayowahitaji hawashiki simu. Wa pili wamejaa tele, na mmoja wao anakaa nyumba ya kona yenye geti la kijani. Mtaa mzima unamwita Mtaalamu. Jina hilo alibandikwa kwa dhihaka, siku alipoitengeneza pasi ya jirani na pasi ikageuka jiko, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili. Sasa hivi ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hageuki.

Kabla ya kustaafu alikuwa mtunza stoo katika idara ya maji. Alikaa nyuma ya dirisha lenye nondo akiwapa mafundi mabomba, koki na gundi. Mtu mwingine angesema tu kwamba alitunza stoo. Yeye husema amefanya kazi na mafundi maisha yake yote, na hasemi uongo, kama ambavyo mlinzi wa lango la hospitali hasemi uongo akidai amefanya kazi na madaktari. Kila fundi aliyefika pale dirishani alipewa bomba pamoja na somo la kulifunga. Haikuchukua muda mafundi wakajifunza kuja wakati amekwenda kula.

Mke wake anashona mapazia katika chumba cha nyuma, na muda mwingi midomo yake imebana pini. Wageni hudhani hiyo ndiyo sababu haongei. Waliozoea nyumba ile wanajua kwamba nafasi ya kuongea ilishachukuliwa siku ya harusi, na mwanamke wa watu akaamua kutogombania. Anasikiliza, anashona, na mara mojamoja hutoa pini mdomoni akasema neno moja. Neno hilo huwa halihitaji kuongezewa.

Sasa, mama yake huyu mke aliugua. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, mcheshi, mwenye subira ya ajabu, na subira hiyo aliihitaji kila mkwewe alipokuja kumjulia hali, maana Mtaalamu hakwenda kumjulia mtu hali bila kumweleza ugonjwa wake. Siku moja mke aliweka simu kwenye mto, karibu na kichwa cha mama yake, akamrekodi akizungumza. Mtaalamu naye alikuwepo, kwa kuwa kifaa kilihusika. Kesho yake ugonjwa ukamchukua mama sauti, akawa anaongea kwa macho tu, na hazikupita siku nyingi akafariki. Kwa hiyo ile rekodi ya kwenye simu ndiyo sauti pekee ya mama iliyobaki duniani.

Ungedhani kitu cha namna hiyo kingeachwa kilipo. Lakini Mtaalamu hajapata kuona kitu kimetulia mahali asikihamishe. "Simu ni kitu cha kuibiwa," alimwambia mkewe. "Kompyuta je? Umeshaona mwizi anakimbia na kompyuta ya mezani?" Akaihamisha ile sauti kwenye kompyuta yao ya sebuleni, kisha, kwa ajili ya usafi, akaifuta kwenye simu. Na kwa kuwa ni mtu wa tahadhari, akatengeneza nakala kwenye flashi, akaifunga flashi kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia ndani ya kikombe cha kabatini ambacho hakuna mtu anayekinywea. Jambo hilo alilitangaza mpaka kwa muuza mkaa. "Mimi kwangu kila kitu kina nakala," alisema, na muuza mkaa akatikisa kichwa kwa heshima.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kuosha vyombo, mke alikaa mbele ya kompyuta, akavaa vile visikilizio vikubwa vya masikioni, akafumba macho. Mtaalamu alikuwa akipita nyuma yake na kumkumbusha kwamba sauti kubwa huharibu ngoma za masikio. Kuna wakati alimwona akitabasamu peke yake. Hakuwahi kuuliza anatabasamia nini. Alichukulia kwamba anaifurahia kompyuta.

Mtu aliyeiua kompyuta ile alikuwa na nia njema, na huo ndio ubaya wake. Mtaalamu alisikia mahali, pengine kwa kinyozi, kwamba adui mkubwa wa kompyuta ni vumbi. Akalichunguza lile sanduku linalokaa chini ya meza, akalikuta limejaa matundu ubavuni na mgongoni. Alishangaa sana uzembe wa watu wa viwandani. Akachukua selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, akaziba tundu moja baada ya jingine kwa utulivu wa mtu anayefunga kidonda. Sanduku likaanza kuhema. Akasema sasa linafanya kazi kwa bidii zaidi. Likawa la moto kiasi kwamba paka wa jirani alihamia hapo kabisa, na hilo pia Mtaalamu akalihesabu kuwa faida.

Jumapili moja mke akavaa visikilizio, akabonyeza kitufe, akasubiri. Kioo kilibaki cheusi.

"Haiwaki," alisema.

"Haiwezi kuacha kuwaka. Umebonyeza vibaya."

Mtaalamu akabonyeza vizuri. Akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza kwa upole, akabonyeza na kushikilia huku ametazama pembeni, kama mtu anayetaka kumvizia kuku. Akachomoa waya na kuupuliza. Kisha akasimama wima, akashika kiuno, na akatoa hukumu.

"Unyevu," alisema. "Huu ni unyevu. Ndani kuna mchele kiasi gani?"

Mke alivishusha visikilizio shingoni. "Wa kula au wa kufukia kompyuta?"

"Simu ikilowa si inafukiwa kwenye mchele? Hii ni hivyohivyo, ila ni kubwa."

"Kwani imelowa?"

"Haijalowa. Ni tahadhari."

Mke aliinuka. Alikwenda jikoni akaupika mchele wote uliokuwemo ndani. Walikula kiporo mpaka wakakichoka, lakini angalau chakula kiliokolewa.

Mtaalamu hakutishika bado. Alikuwa na karata yake ndani ya kikombe. Asubuhi yake alitoa ile flashi kwenye nailoni, akaifuta kwa shati, akamwambia mkewe avae viatu aje aone maana ya kuishi na mtu anayefikiri mbele. Wakaenda kwenye duka la steshenari, pale watu wanapotolea fotokopi. Mwenye duka akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake. Zikatokea alama nyingi, zimejipanga safi, kila moja na jina lake, na pembeni ya kila moja kimshale kidogo.

"Unaona?" Mtaalamu alimwambia mkewe. "Zote zipo."

Mwenye duka akabonyeza ya kwanza. Kompyuta ikasema haioni kitu. Akabonyeza ya pili, ya tatu. Majibu yaleyale.

"Mzee, hizi sio faili zenyewe," alisema. "Hivi vyenye mshale ni vya kuonyesha njia tu. Ni kama kibao cha barabarani kinachosema nyumba iko kule. Umebeba vibao, nyumba umeiacha."

"Kompyuta yako haina nguvu ya kuzisoma," Mtaalamu alimjibu.

"Inawezekana, mzee," mwenye duka alisema, akageukia fotokopi zake.

Mke alikuwa amesimama, mkoba kwapani. "Kwa hiyo humu hamna kitu," alisema.

"Vipo," Mtaalamu alisema. "Ila haviko humu."

Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wamepata kuoa. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke hakusema kitu. Alifika, akaingia chumba cha nyuma, na cherehani haikulia. Mtaalamu alikaa sebuleni akiisubiri ilie. Alizoea kuongea juu ya mlio ule. Ulikuwa ndio itikio lake. Sasa kulikuwa na saa ya ukutani tu, na lile sanduku lililozibwa midomo, na yeye.

Na usidhani hakuumia. Mjuaji naye ana moyo, ingawa anauweka mahali pasipofikika. Alimpenda yule bibi. Alimpenda kwa njia yake, ambayo ilikuwa kumweleza mambo, na katika ukoo mzima yule ndiye mtu pekee ambaye hajapata kumkatiza, kumkimbia wala kujifanya amelala. Pale sebuleni likamjia wazo moja baya, na hakuweza kulipatia maelezo: kwamba mama wa watu amekwisha kufa mara moja kwa kudra ya Mungu, na sasa anakufa mara ya pili kwa selotepu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hata hivyo, aibu ni kitu kimoja na kukubali kwenda kwa fundi ni kitu kingine. Alikuwa anatafuta bisibisi alipomwona mkewe akitoka chumba cha nyuma na pazia la mteja ambalo halijapindwa. Mke akalifunga lile sanduku ndani ya pazia, akalikumbatia, akatoka nalo. Visikilizio alikuwa amevivaa shingoni. Mtaalamu akamfuata akimwelekeza jinsi ya kubeba.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kachumba kembamba nyuma ya saluni. Miwani yake aliipandisha kwenye nywele na kuisahau huko. Rafu zilijaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo, na ukutani, juu ya kichwa chake, alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: USINIELEZE UBOVU. NITAUONA.

"Karibuni. Nini?" alisema.

"Kwanza kabisa," Mtaalamu alianza, "lazima uelewe historia ya hii mashine—"

Fundi akaielekeza kalamu yake kwenye karatasi ya ukutani, bila kuinua macho. Mtaalamu akaisoma mara mbili. Ilikuwa lugha anayoifahamu, lakini hakuona inamhusu vipi.

Fundi alilifunua pazia, akaligeuza sanduku. Akapitisha kidole juu ya ile selotepu ya kahawia.

"Nani alizifunga hizi bandeji?"

"Ni kuzuia vumbi," Mtaalamu alisema.

"Na hewa?"

"Hewa ndiyo inayoleta vumbi."

Fundi akashusha miwani, akamtazama vizuri. "Hongera, mzee. Vumbi halijaingia hata chembe. Sanduku limekufa safi kabisa."

Mke alitoa kikohozi kidogo ambacho huenda hakikuwa kikohozi. Kisha akainama juu ya meza. "Mwanangu, huo mwili sihitaji upone," alimwambia fundi. "Mna sauti ya mama yangu humo ndani. Nataka hiyo tu."

Hapo fundi akabadilika sauti. "Sikuahidi kitu, mama. Lakini sanduku ni kitu kimoja na diski ni kitu kingine. Jikoni kukiungua, kabati la chumbani linaweza kupona. Ngoja tuone."

Akafungua skrubu, akatoa kitu chembamba cha bati, kidogo kuliko kitabu cha dini. Mtaalamu alikuwa hajapata kukiona, na alipokiona alitikisa kichwa kama anayekutana na rafiki wa zamani. Fundi akakiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Wakasubiri. Diski ililia kidogo, tiki, tiki, ikanyamaza. Kioo hakikuonyesha kitu. Mke aliushika ule waya wa visikilizio akawa anauzungusha kidoleni, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Kigonge kidogo pembeni," Mtaalamu alishauri.

"Nikugonge wewe kwanza tuone kama inasaidia," fundi alisema. Akabadilisha waya, akajaribu tundu jingine. Diski ikalia tena, safari hii mfululizo, kama mashine ya kushonea iliyo mbali. Na kwenye kioo mafaili ya nyumba ile yakaanza kujitokeza.

Yalikuwa ya Mtaalamu, bila shaka. Moja aliliita MUHIMU. Lililofuata, MUHIMU SANA. Likafuata MUHIMU SANA JIPYA, na baada yake MUHIMU LA KWELI. Fundi alilifungua moja akakuta picha za koki zilizopigwa kutoka pande zote. Akalifungua jingine, koki.

"Sauti ya mama iko wapi?" aliuliza.

Mtaalamu akakohoa. Akaonyesha kwa kidole chini kabisa, kwenye faili lililoitwa MENGINEYO.

Mke alilisoma lile neno. Hakusema kitu, na Mtaalamu akatamani angesema.

"Hii hapa," fundi alisema. "Ngoja nihakikishe inalia."

"Subiri, mwanangu, nikupe hivi," mke alisema haraka, akivivua visikilizio shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuongea kwa haraka. Lakini fundi alikuwa amekwisha kubonyeza, na sauti ikatoka kwenye spika, ikajaa kachumba kote.

Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa ya Mtaalamu.

*Mama, usiongee bado,* ilisema. *Kwanza nikueleze hiki kifaa kinavyofanya kazi.* Na ikaeleza. Ilieleza mahali sauti inapoingilia na mahali inapokwenda kuhifadhiwa, na tofauti ya simu hii na zile za zamani, ambazo, ilisema, zilikuwa imara zaidi. Katikati, kwa mbali, sauti nyembamba ya kizee ilikuwa ikiitikia. *Ndiyo, mkwe wangu. Ahaa. Ndiyo.* Fundi alitazama meza. Mtaalamu alisimama na tabasamu lililosahauliwa usoni, akisubiri yule mtu wa kwenye spika amalize.

Hakumaliza. Mama alianza kusema, *Siku baba yako alipokuja kwetu mara ya kwanza, mwanangu, alitukuta kisimani,* na ile sauti ikamwambia aelekeze mdomo huku, siyo kule. Akaanza upya: *Alitukuta kisimani,* na ile sauti ikasema haiwezekani, mama, utakuwa umechanganya, wakati huo sehemu ile ilikuwa na bomba tayari, mimi kumbukumbu za idara ninazo kichwani. Ikafuata historia ya lile bomba.

Na hapo mama akacheka. Kilianza kicheko kidogo, cha puani, kikakua, kikawa kicheko cha msichana, kikavu na kirefu, kikaishia kwenye kikohozi. Alipopata pumzi alisema, kwa upole kabisa, *Subiri amalize huyu, mwanangu, nitakwambia.*

*Inatosha, mama,* sauti ya Mtaalamu ikasema. *Tusijaze nafasi bure.* Kikasikika kitufe, rekodi ikaisha.

Upande wa pili wa ukuta, saluni, mtu alikuwa anakaushwa nywele.

Mtaalamu alipopata sauti, ilitoka ndogo. "Alikwambia nini? Baadaye, nilipotoka."

"Hakuniambia. Alikuwa amechoka, akalala," mke alisema. "Alipoamka, hakukuwa na sauti."

Mtaalamu alishika ukingo wa meza ya fundi. Alikuwa na maelezo kwa kila kitu kilichowahi kuharibika duniani, na hapa alitafuta akakosa.

"Na wewe unaisikiliza hiyo kila Jumapili," alisema.

"Nasikiliza pale anapocheka." Mke alikuwa anavikunja visikilizio taratibu, waya ndani, kama anavyokunja kila kitu. "Ila kufika pale, lazima nikupitie wewe."

Fundi akajikohoza. Alikuwa ameipandisha miwani tena. "Mama, naweza kuikata," alisema. "Ni kazi ndogo. Nikamwondoa huyu bwana, ibaki sauti ya mama peke yake."

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kukatwa. Kama kungekuwa na selotepu karibu, angejiziba mwenyewe.

Mke alifikiri. Alimtazama yule mwanamume aliyesimama pale, na shati lake alilofutia flashi, na mikono isiyojua pa kukaa.

"Hapana," alisema. "Iache ilivyo. Ukimkata huyu, mama atakuwa anacheka nini?"

Fundi akaweka nakala kwenye simu ya mke, akaweka nyingine kwenye flashi mpya, na akafungua flashi mbele ya macho yake ili aone kwamba ndani kuna nyumba yenyewe, siyo kibao. Mtaalamu akasogea mezani. Alilizoa lile sanduku tupu, akalizungushia pazia, akafika mlangoni nalo, kisha akageuka.

"Irudishe kidogo," alisema. "Pale anapocheka."

Fundi akairudisha. Zile spika zilikuwa ndogo mno kwa sauti kubwa vile, kicheko kikawa kinakwaruza mwishoni, na Mtaalamu alijua kabisa kinachosababisha hivyo na jinsi ya kukirekebisha. Hakusema.